Kile kidude cha kuokoa stima: kabla hujatuma pesa

Julai Ruring'u haina huruma. Asubuhi ukungu umefunika uwanja wa michezo hadi huoni goli la upande wa pili, watoto wanaenda shule wamejifunga skafu mpaka puani, na kila nyumba iliyo na shawa ya moto inaitumia kuliko mwezi mwingine wowote. Ndio mwezi ambao watu wakikutana dukani mazungumzo yanaishia kwa tokeni. Mtu ameweka mia tano jana, leo mita inalia.

Asubuhi moja ya aina hiyo, mama mmoja aliingia kwa wakala wetu pale Ruring'u akiwa na elfu tatu mkononi. Ana ploti ya vyumba sita, yeye mwenyewe anakaa chumba cha mbele, na ploti nzima inatumia mita moja. Alitaka kuweka pesa kwa simu, kisha atume 2,800 kwa nambari iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Miwani alikuwa ameiacha nyumbani, kwa hivyo akamwomba kijana wa duka amsomee ile nambari.

"Samahani mama, kama si ubaya, hii pesa ni ya nini?"

"Ni ya kidude cha kuokoa stima. Unachomeka tu kwa soketi, halafu tokeni inakaa mara mbili. Jirani yangu wa huko chini anacho, na anasema kinafanya."

Kijana alinyamaza. Kazi yake ni kuweka na kutoa pesa, hakusomea mambo ya umeme. Lakini kusita kwake kulitosha: mama alisema basi atafikiria kwanza, akaondoka pesa ikiwa bado kwa simu yake. Jioni kijana akatuuliza sisi, je, hivi vitu vinafanya kazi ama ni uongo?

Jibu letu ni fupi. Kwa nyumba ya kawaida, kidude cha kuchomeka kwa soketi hakipunguzi bili ya stima. Hakipunguzi nusu, hakipunguzi robo, na ile asilimia ndogo ambayo muuzaji atakimbilia ukimbana haiwezi kuonekana kwa tokeni zako. Tunasema hivi tukijua kwamba mama angetuma zile 2,800 sisi tungepata ada yetu kama kawaida, kidude kifanye kazi kisifanye. Ndiyo sababu tunaona ni lazima tuseme. Kampuni inayobeba pesa ya watu na kunyamaza ikiona inakoelekea ni kama kondakta anayekuacha upande gari la Karatina na amekusikia ukisema unaenda Othaya.

Sasa tueleze kwa nini, maana "si kweli" peke yake haimshindi jirani anayesema kinafanya.

Ukikifungua kile kidude (kikiwa kimechomolewa, tafadhali), ndani utakuta vitu vichache: kibao kidogo cha saketi, taa moja ya kijani au ya bluu, na kitu kama pipa dogo kinachoitwa kapasita. Kapasita si kitu cha bandia. Ni kifaa halali, na kina kazi halali mahali pake. Ndiyo maana huu uongo ni mgumu kuukamata, kwa sababu umejengwa juu ya kipande cha ukweli.

Ukweli wenyewe ni huu. Kifaa chenye mota, kama friji, pampu ya maji au mashine ya kukatia ng'ombe majani, huvuta stima ya aina mbili kwa wakati mmoja. Moja ndiyo inayofanya kazi: inazungusha, inakata, inasukuma maji. Nyingine inaingia kwa mota kujenga nguvu ya sumaku kisha inarudi kwa laini, inaingia na kurudi, mara nyingi kila sekunde, bila kutumika. Kapasita inaweza kuipatia mota hiyo stima ya kwenda na kurudi kutoka karibu, isitoke mbali kwa laini. Hadi hapo muuzaji hajadanganya.

Mkulima wa chai wa Tetu au Othaya ataelewa haraka kinachofuata. Ukipeleka majani kwa kituo cha kununulia, unapima yakiwa ndani ya gunia, lakini karani anatoa uzito wa gunia. Unalipwa majani tu. Mita ya stima ya nyumbani inafanya vivyo hivyo: inahesabu uniti za stima iliyofanya kazi, ile nyingine ya kwenda na kurudi haihesabu. Gunia tayari limetolewa. Sasa anakuja mtu anakuuzia, kwa 2,800, gunia jepesi zaidi. Gunia ni jepesi kweli, unaweza hata kulipima. Lakini malipo yako ya majani hayabadiliki hata senti, maana uzito wa gunia haukuwahi kuwa kwa hesabu.

Kuna wanaolipia gunia. Kiwanda cha chai, hoteli kubwa, au mteja yeyote wa Kenya Power anayetumia zaidi ya uniti 15,000 kwa mwezi ana mita ya aina nyingine, na bili yake ina sehemu inayohesabiwa kwa kVA, yaani mzigo wote ambao laini na transfoma zinabeba, gunia na majani pamoja. Uwiano wake ukishuka chini ya 0.9 anaongezewa malipo juu yake. Mteja kama huyo hununua kapasita kubwa, zinajaa kabati zima, zinafungwa na fundi aliyepima mota zake, na zinamrudishia pesa. Wauzaji wa vidude wamechukua hesabu ya kiwanda wakaileta kwa jikoni yako. Hata posho mill ya kawaida, saluni au kinyozi aliye kwenye kundi la biashara ndogo hayuko kwa hesabu hiyo.

Wala si sisi wa kwanza kusema. Taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ilichapisha andiko mwaka 2009 kuhusu swali hili hili, na jibu lilikuwa kwamba mwenye nyumba hapati nafuu kwa bili yake. Vidude vya wakati huo vilikuwa vya kufungwa na fundi ukutani. Vya leo ni vya plastiki, vimekuwa vidogo, na maneno kwenye boksi yameongezeka.

Turudi kwa jirani wa huko chini, kwa sababu huyo ndiye tangazo lenyewe. Hatudhani anadanganya. Aliweka kidude, mwezi uliofuata akanunua tokeni kidogo kuliko mwezi uliotangulia, akaunganisha mambo mawili. Sisi sote tungefanya hivyo. Shida ni kwamba tokeni hubadilika kwa sababu nyingi ambazo hazina uhusiano na soketi yako, na nyingi zimeandikwa kwa simu yako, kwa ile meseji ambayo watu huisoma hadi kwa zile tarakimu 20 za tokeni kisha wanaifunga.

Fungua meseji yako ya mwisho ya tokeni sasa hivi. Baada ya nambari ya mita na tokeni utaona "Units", kisha "Amt", kisha "TknAmt", kisha "OtherCharges". Amt ni pesa uliyotuma. TknAmt ni sehemu ya pesa hiyo iliyonunua stima yenyewe. OtherCharges ni yale mengine: gharama ya mafuta ya kuzalisha umeme, marekebisho ya bei ya dola, tozo ya umeme vijijini, VAT na kadhalika. Ya mafuta na ya dola hubadilika mwezi kwa mwezi, EPRA inapotangaza viwango. Kwa hivyo mia tano ya Juni na mia tano ya Agosti hazikupi uniti sawa hata kama nyumba yako ilikuwa imefungwa miezi yote miwili. Ukitaka kulinganisha, linganisha Units. Ukilinganisha shilingi unajidanganya, na muuzaji anategemea ujidanganye.

Halafu kuna makundi. Viwango vya EPRA vilivyoanza Aprili 2023 viligawanya nyumba kwa makundi matatu, kulingana na wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu: hadi uniti 30 kwa mwezi, kati ya 30 na 100, na zaidi ya 100. Zilipoanza, bei za msingi kabla ya tozo zilikuwa shilingi 12.22, 16.30 na 20.97 kwa uniti. Zimesogea kidogo tangu hapo, lakini ngazi bado ni tatu. Wengi wanakumbuka kwamba tangu mwishoni mwa 2018 kundi la chini lilikuwa linafika uniti 100, kisha 2023 likashushwa hadi 30, ndipo watu wengi wakaona tokeni imeisha kama barafu juani bila kuelewa ni nini kimetokea. Sasa fikiria mtu ambaye wastani wake ulikuwa uniti 104. Mtoto mmoja amerudi bweni, wastani ukashuka hadi 97. Bei ya kila uniti imeshuka, si ya zile saba tu. Kama wiki hiyo ndiyo alichomeka kidude, kidude kitapewa sifa yote.

Na kuna baridi. Watu hununua kidude Julai, wakati bili inauma. Septemba jua limerudi, shawa inatumika kidogo, nguo zinakauka nje, pasi haitumiki kukaushia soksi za shule. Bili inashuka. Ungechomeka kijiko cha mbao kwa soketi hiyo Julai, kufika Septemba kingekuwa kimefanya kazi. (Usichomeke.)

La mwisho ni la kibinadamu. Mtu akitoa 2,800 kuokoa stima, anaanza kuangalia stima. Anazima taa ya jikoni akitoka. Anamwambia kijana asiache redio ikiongea na ukuta. Nafuu hiyo ni ya kweli, ila imetoka kwa mkono wake.

Hutaki kutuamini? Vizuri, pima mwenyewe. Mita nyingi za tokeni zina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba taa ikipepesa mara 1,000, uniti moja imeenda. Zima kila kitu ndani ya nyumba. Washa kifaa kimoja chenye mota inayozunguka bila kusita, tuseme ile mashine ya majani ya ng'ombe au pampu, maana muuzaji atakuambia kidude kinapenda mota. Hesabu mipepeso kwa dakika mbili. Chomeka kidude cha jirani, subiri kidogo, hesabu tena dakika mbili. Kama mita iko juu ya nguzo na ndani una kile kibodi tu, andika uniti zilizobaki, tumia kifaa hicho kimoja saa moja, andika tena. Kisha rudia saa nyingine kidude kikiwa kimechomekwa. Muuzaji anayeamini bidhaa yake atakubali ufanye hivyo kabla ya kulipa. Wengi watakuonyesha kitu kingine: kipimo cha ampea kinachoshuka wakichomeka. Hiyo ni ile hesabu ya gunia. Ampea zinashuka kweli, mipepeso ya mita inabaki palepale, na mita ndiyo inayokula tokeni.

Kama kidude hakisaidii, basi stima inaenda wapi? Hapa ndipo tungependa tukae kidogo, maana nyumba za huku milimani zina jibu lake, na jibu hilo si dekoda wala chaja ya simu.

Ni maji ya moto. Shawa ya kupasha maji papo hapo inavuta karibu wati 5,000, nyingine zaidi. Mtu akioga dakika 10 amemaliza uniti 0.83. Nyumba ya watu wanne, kila mmoja dakika 10 kwa siku, inafika uniti 3.3 kwa siku, na kwa mwezi uniti 100 kamili. Kabla ya taa, kabla ya televisheni, kabla ya friji, kuoga peke yake kumeipeleka nyumba hiyo kwa kundi la bei ya juu. Wakipunguza hadi dakika tano kila mmoja, uniti 50 zimebaki. Tunajua si rahisi kumwambia mtu wa Nyeri apunguze dakika za maji ya moto Julai. Sisi wenyewe tumejaribu nyumbani kwetu na tumepigiwa kelele. Wengine wanachemsha maji kwa jiko la kuni lililo bado na moto baada ya chakula cha jioni, wanachanganya kwa beseni, na shawa inabaki ya Jumapili. Mwenye uwezo anaweka mtambo wa jua juu ya paa. Ni ghali mwanzoni, hatufichi, na asubuhi za ukungu unasaidia kidogo tu.

Baada ya maji ni balbu, hasa ile ya nje. Balbu ya zamani ya wati 60 inayowaka saa 12 usiku kucha inakula uniti 0.72 kila usiku, zaidi ya 21 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 inakula kama uniti tatu na kidogo. Hiyo ni balbu moja. Kuanzia mwaka 2010 watu wengi Kenya walibadilishiwa balbu zao za zamani bure kwa zile zilizopinda kama tambi, za kuokoa stima, na ziliokoa kweli. Tunashuku kwamba ndipo jina hili lilipata heshima yake. Balbu ya kuokoa stima ilikuwa kweli, kwa hivyo kidude cha kuokoa stima nacho kinasikika kama ndugu yake. Tofauti ni kwamba balbu inafanya kazi ileile kwa wati chache. Kidude hakifanyi kazi yoyote mahali pa kitu kingine, kwa hivyo hakuna mahali ambapo uniti zingepungua.

Kwa friji, angalia kibandiko cha nyota cha EPRA kabla ya kununua. Kanuni za vibandiko hivyo ni za 2016, na friji ni mojawapo ya vifaa vinavyotakiwa kuwa nacho. Nyota nyingi, uniti chache. Friji ya mtumba kutoka ng'ambo inaweza kuwa rahisi siku ya kuinunua na ghali kila siku baada ya hapo. Na tusichanganye mambo: kile kifaa cha kulinda friji stima inapokatika na kurudi kwa nguvu ni kitu kingine kabisa. Hicho nunua. Hakipunguzi bili, na muuzaji mwaminifu hatasema kinapunguza, lakini kinaokoa friji.

Sasa ploti. Hili ndilo lililotufanya tumpigie simu yule mama, kwa sababu shida yake si soketi hata kidogo. Vyumba sita vinavyotumia mita moja vinahesabiwa kama nyumba moja kubwa. Chukua mfano kila chumba kinatumia uniti 28, matumizi ya mtu mwenye taa, redio, simu na pasi ya Jumapili. Jumla ni uniti 168, na mita inaingia kundi la zaidi ya 100. Kwa bei za msingi za Aprili 2023, uniti 168 kwa 20.97 ni shilingi 3,522.96. Kila chumba kingekuwa na mita yake ya Kenya Power, wote wangekuwa kundi la chini, na uniti zilezile 168 kwa 12.22 ni shilingi 2,052.96. Tofauti ni 1,470 kila mwezi kabla ya tozo, na hakuna mtu aliyezima hata taa moja. Wapangaji wenye matumizi ya chini wanalipa bei ya tajiri kwa sababu ya jinsi waya ulivyopita. Mita ndogo za ndani ambazo wenye ploti hufunga wenyewe zinasaidia kugawanya bili kwa haki, lakini hazibadilishi kundi, maana Kenya Power bado inaona mita moja.

Mita za ziada zinaombwa, zinalipiwa, na fundi aliyesajiliwa lazima atenganishe nyaya za kila chumba. Si kazi ya 2,800, wala si ya wiki moja. Ila ukiwa na wapangaji sita na nia ya kukaa na ploti hiyo miaka kumi, kaa chini na kalamu kabla ya kusema haiwezekani.

Tumalizie na upande wetu, wa pesa.

Mtu akikuambia utume kwanza ndipo alete, na nambari ni ya mtu binafsi, na jina linalotokea kwa simu kabla ya kuthibitisha halifanani na jina la duka alilokutajia, hapo umeshaona vya kutosha. Lipa ukiwa umekishika kitu mkononi, kwa nambari ya biashara, ubaki na meseji ya malipo. Ukituma kwa nambari isiyo sahihi kwa bahati mbaya, tupigie mara moja na tutajaribu kuizuia. Lakini ukituma kwa mtu uliyemkusudia, akatoa pesa, kisha kitu kikakosa kufanya alichoahidi, sisi hatuwezi kuingia kwa akaunti yake tukairudisha. Tungependa ujue hilo leo, si siku hiyo. Aliyeuziwa kwa maneno ya uongo anaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, inayoshughulikia haki za wanunuzi. Peleka meseji ya malipo, picha ya boksi na lile tangazo lenyewe kama bado unalo.

Na kuna aina mbaya zaidi. Yupo anayekuja na kidude, akiona unasita anashusha sauti: kuna njia nyingine, nifungulie mita nikupangie vizuri. Huyo hauzi kuokoa, anauza wizi, na mita ni kwa jina lako. Kuchezea mita ni kosa chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Yeye ataondoka na pesa yake jioni hiyo, wewe ndiye utakayepatikana nyumbani.

Tokeni zenyewe nunua kwa njia unayoijua: Paybill ya Kenya Power ya tokeni ni 888880, na akaunti ni nambari ya mita yako. Ile 888888 ni ya wanaolipa baada ya kutumia. Tunaiandika hapa kwa sababu tumesikia za wauzaji wanaojitolea "kukununulia tokeni za bei nafuu" pamoja na kidude.

Yule mama hakutuma. Alirudi kwa wakala siku ya tatu, akatoa elfu moja na mia tano, akaenda kununua balbu za LED za ukumbi, choo na lango la ploti, ambazo zilikuwa zikiwaka hadi asubuhi kwa usalama. Hesabu ya mita sita tulimsomea kwa simu, akaiandika, akasema itabidi aongee na vijana wake kwanza kwa sababu ni pesa nyingi. Tulimuuliza kuhusu jirani wa huko chini. Alisema alimweleza yote, ya gunia na karani, na jirani akacheka akamwambia yeye chake anakiacha hapo hapo, maana usiku umeme ukirudi kile kitaa cha kijani ndicho kinachomwonyesha njia ya kwenda jikoni.